Namna ya Kuandika Riwaya Inayomkutanisha Nyota wa Televisheni na Familia Yako: Mfano wa Lucille Ball

Mwandishi anayetaka kuweka ndani ya riwaya moja nyota wa televisheni anayejulikana na kila mtu pamoja na bibi au babu ambaye hakuna aliyemwandika popote huanza kazi akiwa na mizigo miwili isiyolingana. Upande wa nyota kuna picha, magazeti, mahojiano, hati za serikali na saa nyingi za filamu. Upande wa bibi kuna cheti cha kuzaliwa, picha mbili zilizopauka na kisa ambacho kila shangazi hukisimulia kwa namna yake. Riwaya nyingi za aina hii huharibika kwa sababu mwandishi hulemewa na mzigo wa kwanza, akajaza kurasa kwa mambo ambayo msomaji angeyapata kwingine, huku bibi akibaki pembeni kama mgeni katika kitabu kilichokusudiwa kuwa chake.

Katika mwongozo huu nitamtumia Lucille Ball, mwigizaji wa Marekani aliyeongoza mfululizo wa vichekesho wa I Love Lucy, uliorushwa na mtandao wa televisheni wa CBS kuanzia tarehe 15 Oktoba 1951 hadi tarehe 6 Mei 1957. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yamehifadhiwa vizuri, na kwa sababu ndani yake mna historia ya familia iliyo nzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa upande wa pili nitatumia bibi wa kubuni, mfanyakazi wa kiwanda cha kusindika samaki aina ya jodari huko Terminal Island, Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wewe utamweka hapo bibi yako halisi.

Mtafute nyota alipokuwa mjukuu wa mtu

Usianze na umaarufu. Anza na nyumba aliyokulia nyota, kwa kuwa huko ndiko atakakokutana na familia yako akiwa sawa nayo.

Lucille Ball alizaliwa Jamestown, katika jimbo la New York, tarehe 6 Agosti 1911. Baba yake, fundi wa nyaya za simu, alifariki kwa homa ya matumbo mwezi Februari 1915, binti huyo akiwa hajatimiza miaka minne na mama yake akiwa mjamzito. Lucille alisimulia baadaye kwamba siku ile ndege aliingia ndani ya nyumba, na tangu hapo hakupenda kuona picha za ndege. Aliyemlea kwa sehemu kubwa ni babu yake mzaa mama, Fred Hunt, katika kijiji cha Celoron kando ya Ziwa Chautauqua. Alikuwa mzee aliyeamini ujamaa kwa moyo wote, aliyewapeleka wajukuu zake kwenye maonyesho ya jukwaani, na ambaye alipelekwa mahakamani baada ya kijana wa jirani kupigwa risasi kwa bahati mbaya kwenye uwanja wa nyumba yake mwaka 1927 na kupooza. Kesi hiyo iliifilisi familia, na nyumba ikaenda.

Mwaka 1936, akiwa tayari Hollywood, Lucille alijiandikisha kuwa mpiga kura wa Chama cha Kikomunisti ili kumridhisha mzee huyo huyo. Miaka 17 baadaye, mzee akiwa amekwisha kufariki na mjukuu akiwa mwanamke maarufu kuliko wote katika televisheni ya Marekani, karatasi ile ilifufuka: tarehe 4 Septemba 1953 aliketi mbele ya mchunguzi wa kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akaeleza kwamba alisaini kwa ajili ya babu yake.

Angalia jinsi mambo hayo yanavyobadilisha kazi yako. Ukimtazama Lucille kama nyota, una mwanamke mwenye nywele nyekundu anayechekesha. Ukimtazama kama mjukuu, una mtu aliyelelewa na mzee mkarimu mwenye imani kali, akasaini kwa upendo jambo ambalo hakuliamini, kisha akadaiwa gharama yake wakati mzee hayupo tena kuilipa. Huyo wa pili anaweza kuketi meza moja na watu wa ukoo wako, kwa sababu kila ukoo una mzee aliyewafanya wengine wasaini kitu, iwe ni mkopo, ndoa, uhamisho, ubatizo au ukimya.

Kutoka hapo, andika swali moja linalowahusu wote wawili, nyota na bibi. Katika mfano wangu swali ni hili: mtoto hulipa nini kwa ajili ya imani ya mzee aliyempenda? Kisha liandike swali hilo kwa sentensi isiyotaja jina la nyota wala la bibi, na uangalie kama linawafaa wote. Likimfaa mmoja tu, hadithi zako mbili bado hazijawa tayari kushonwa, na ni afadhali kungoja. Sababu kama "bibi alimpenda sana Lucy" haitoshi, maana mamilioni walimpenda. Sehemu ya tarehe 19 Januari 1953, ambamo Lucy wa kwenye kipindi anajifungua, ilitazamwa na watu wapatao milioni 44, wengi kuliko waliotazama kuapishwa kwa Rais Eisenhower kesho yake. Mapenzi ya watu milioni 44 si hadithi ya familia yako.

Jedwali la tarehe

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, chora jedwali lenye safu tatu: katika ya kwanza weka tarehe za nyota, katika ya pili tarehe za familia, na katika ya tatu chanzo cha kila tarehe. Safu ya tatu ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo itakayokuokoa.

Kwa nyota, tarehe hupatikana kwa urahisi, lakini zina mitego. Chukua hiyo ya tarehe 19 Januari 1953. Mwandishi asiye makini atamweka Lucille studioni usiku ule, akijifungua mbele ya kamera huku bibi akitazama nyumbani. Ukweli ni kwamba sehemu ile ilikuwa imepigwa picha mwezi Novemba 1952, na siku iliporushwa Lucille mwenyewe alikuwa kitandani hospitalini Los Angeles, akiwa amejifungua mwanawe, Desi Mdogo, kwa upasuaji asubuhi ile ile. Kwa mwandishi wa riwaya ukweli huo ni bora kuliko kosa: mwanamke amelazwa akiwa na mshono tumboni, na wakati huo huo nchi nzima inamtazama akiwa mjamzito.

Mtego mwingine ni nywele. Kila anayemkumbuka Lucille hukumbuka wekundu wa nywele zake, ambao haukuwa wa kuzaliwa nao. Nywele zake za asili zilikuwa za hudhurungi, na rangi ile nyekundu aliipata miaka ya 1940 alipokuwa akifanya filamu za sinema. Lakini I Love Lucy ilipigwa picha kwa rangi nyeusi na nyeupe. Bibi aliyekaa mbele ya televisheni yake mwaka 1952 aliona nywele za kijivu. Kama alijua kwamba ni nyekundu, alijua kwa sababu ya jarida, au kwa sababu alimwona kwa macho yake, na ukiandika "alitazama zile nywele nyekundu kwenye kioo cha televisheni" umeivunja imani ya msomaji anayejua. Tatizo hilo hilo unaweza kuligeuza kuwa tukio: bibi anaingia studioni kwa mara ya kwanza, na jambo la kwanza linalomshtua ni rangi.

Nyota pia husema uongo kuhusu asili yao, na uongo huo ni mali. Katika miaka yake ya mwanzo Lucille aliwaambia watu kwamba anatoka Montana, kwa kuwa aliona jina hilo lina mvuto kuliko Jamestown, na kwa muda alijiita Diane Belmont. Usiufute uongo wa namna hiyo kwa kuandika ukweli juu yake. Uweke mdomoni mwa mhusika, kisha mwache msomaji aone mtu anayejitengenezea ukoo mpya.

Kwa familia, kazi ni ngumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kama familia yako iliishi Marekani, mahali pa kuanzia ni sensa. Sheria ya nchi hiyo huzuia kumbukumbu za sensa kwa miaka 72, hivyo ile ya mwaka 1950 ilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Aprili 2022, na sasa unaweza kuona nani alilala katika nyumba ipi, alikuwa na umri gani, alizaliwa wapi na alifanya kazi gani. Sensa ya 1890 usiitegemee, kwa sababu sehemu yake kubwa iliharibika kutokana na moto wa mwaka 1921 mjini Washington. Ukimtafuta babu aliyekuwa askari wa jeshi la nchi kavu katika Vita vya Pili vya Dunia, jiandae kukuta pengo, kwa kuwa moto wa mwaka 1973 katika hifadhi ya kumbukumbu mjini St. Louis uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Pengo linapothibitishwa namna hiyo, liandike kwenye jedwali kama pengo. Hapo ndipo una ruhusa ya kubuni, na mtu akikuuliza unaweza kumwonyesha kwamba hukubuni kwa uvivu.

Visa vya ukoo vipime pia. Familia nyingi za Marekani husimulia kwamba jina lao lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, aliyeshindwa kulitamka, ilhali makarani wa kituo hicho walifuata majina yaliyokwisha kuandikwa kwenye orodha za abiria wa meli, na mara nyingi ni wahamiaji wenyewe au watoto wao waliobadilisha jina baadaye. Ukigundua kwamba kisa cha familia yako si cha kweli, usikitupe. Jiulize nani alikihitaji. Mtu aliyesema "walitubadilishia jina" pengine hakutaka kusema "tulilibadilisha wenyewe kwa sababu tuliogopa", na katika swali langu la imani na gharama, hofu hiyo ina thamani kubwa.

Kuwahoji wazee

Ukimwendea shangazi na kumwomba akusimulie historia ya familia, atakupa hotuba aliyokwisha kuitoa kwenye harusi na misiba. Muulize vitu. Televisheni ilikaa upande gani wa chumba? Nani aliruhusiwa kugusa kitufe cha kubadilisha kituo? Watoto walikaa chini au kwenye viti? Wakati wa kipindi, sahani zilikuwa zimekwisha oshwa au zilingoja? Mzee anayejibu kuhusu sahani hujikuta amefika mahali ambapo swali kubwa lisingemfikisha, kwa kuwa atakumbuka nani aliyekuwa akiziosha peke yake jikoni huku wengine wakicheka sebuleni, na kwa nini.

Rekodi sauti kwa ruhusa yake, andika tarehe, na usimsahihishe anapokosea mwaka. Kosa lake likiwa zito, lirudie siku nyingine kwa swali tofauti. Wazee wawili wakitofautiana, andika yote mawili kwenye jedwali bila kuamua. Uamuzi utaufanya wakati wa kuandika, na mara nyingine utaacha wahusika wako wabishane kuhusu jambo hilo hilo.

Mshono

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi, yaani mahali ambapo maisha mawili yanagusana. Kuna waandishi wanaowakutanisha nyota na babu yao kwa mapenzi ya siri ya miaka mingi, na wakiwa na ufundi mkubwa huweza kufanikiwa. Mimi nashauri mguso mdogo. Kadiri mkutano unavyokuwa mkubwa, ndivyo unavyolazimika kubadilisha maisha ya nyota yaliyoandikwa, na ndivyo msomaji anavyoacha kuishi ndani ya hadithi na kuanza kukagua. Mguso wa saa moja, uliokaa mahali ambapo kumbukumbu zinauruhusu, unaweza kubeba riwaya nzima ikiwa saa hiyo inamgharimu mmoja wao kitu.

Mahali pazuri pa kutafuta mguso ni kazini kwa nyota. Mwaka 1951 vipindi vingi vya televisheni Marekani vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali iliona nakala hafifu iliyopigwa kutoka kwenye kioo. Lucille na mumewe Desi Arnaz walitaka kubaki Los Angeles, kwa hiyo kipindi chao kilipigwa kwa filamu ya milimita 35, kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji wapatao 300 waliokaa kwenye viti vya ngazi, huku Karl Freund, mpiga picha mkongwe kutoka sinema ya Ujerumani, akipanga taa ili kamera zihame bila kusimamisha tukio. Kampuni yao ya Desilu ilikubali malipo madogo zaidi na kwa kubadilishana ikabaki na umiliki wa filamu zenyewe. Ndiyo maana zipo hadi leo.

Kwa mwandishi wa historia ya familia, jambo hilo lina maana ya ajabu. Vicheko vinavyosikika katika sehemu zile ni vya watu halisi waliokaa pale usiku ule. Mama yake Lucille, DeDe, alikuwa na desturi ya kuhudhuria, na sauti yake ya kuguna kama mtu anayeona balaa likija inasikika katika sehemu kadhaa. Yaani historia ya familia ya nyota imeingia ndani ya kipindi chenyewe, kwenye mkondo wa sauti, katikati ya wageni. Ikiwa bibi yako aliishi Los Angeles miaka ile na aliwahi kukaa kwenye viti vile, kicheko chake nacho kimo. Hutakitambua kamwe, na hilo ni jambo ambalo riwaya inaweza kuliandika na wasifu hauwezi.

Kwa bibi wangu wa kubuni nimechagua sehemu ya kiwanda cha chokoleti, iliyorushwa tarehe 15 Septemba 1952, ambamo Lucy na rafiki yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wanafunga chokoleti zinazopita kwenye mkanda unaoenda kasi kuliko mikono yao. Nimeichagua kwa sababu bibi anajua mkanda. Rasimu ya mshono ni hii:

Mkanda ulianza kutembea taratibu, na watu ukumbini wakakaa vizuri kwenye viti. Yeye hakukaa vizuri. Mikono yake iliyokuwa imelala juu ya mkoba ilinyanyuka kidogo, mmoja mbele ya mwingine, kama ilivyonyanyuka kila alfajiri jodari wa kwanza alipotokeza mwisho wa banda. Chokoleti moja ikapita bila karatasi, kisha ya pili. "Iache hiyo," alisema kwa sauti ndogo, "shika ya nyuma yake." Katika safu ya mbele mwanamke mmoja aliguna, mguno wa mtu anayemjua mtoto wake, na ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko. Bibi alikuwa akimtazama msimamizi. Msimamizi alipoingia, akaona mkanda mtupu, akaridhika na kuagiza uongezewe kasi, bibi alifungua mkoba, akatoa leso, akaifunga mkono wa kulia kwa nguvu, pale kwenye kovu.

Katika aya hiyo, mkanda, msimamizi, agizo la kuongeza kasi, watazamaji na desturi ya mama ya kuhudhuria ni mambo yaliyohifadhiwa. Bibi, mkoba, leso na kovu ni vya kubuni. Kuhusu Lucille sikubuni chochote. Hakusema neno ambalo hakulisema wala hakumtazama bibi. Hata hivyo anaingia moyoni mwa hadithi, kwa kuwa mzaha wake umegusa mkono ulioumia, na kwa sababu mama yake amekaa safu chache mbele ya mwanamke ambaye baadaye katika riwaya atakosa kuambiwa na mama yake mwenyewe hata neno moja. Kanuni ninayoifuata ni hiyo: buni kwa wingi upande ambao kumbukumbu ziko kimya, na kwa uchache kabisa upande ambao zinasema.

Kimya kipo hata kwa nyota. Lucille alihojiwa tarehe 4 Septemba 1953, uvumi usiomtaja jina ukasambaa siku chache baadaye, na tarehe 11 Septemba vichwa vya magazeti vikalipuka, siku ambayo alitakiwa kusimama mbele ya watazamaji kupiga picha. Desi, akijua kwamba nyekundu ni rangi ya wakomunisti, aliwaambia watazamaji kwamba kitu pekee chekundu kwa Lucy ni nywele zake, na hata hizo si za halali. Hayo yote yameandikwa. Lakini kati ya tarehe hizo mbili kuna usiku kadhaa ambao mwanamke huyu alilala akijua kilichomo kwenye jalada na nchi haijui. Ukitaka kuingia kichwani mwake kwa sura moja, ingia hapo, mchukue kama mjukuu anayemkumbuka mzee wa Celoron, na utoke mapema.

Kwa jumla ninapendekeza theluthi mbili za kurasa ziwe za familia. Nyota ana mwanga wake mwenyewe na hahitaji nafasi kubwa.

Lugha ya wakati ule kwa Kiswahili

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu Marekani ya miaka ya 1950 ana kazi ya ziada, na pia ana nafasi asiyoipata mwingine. CBS haikuruhusu neno la wazi la ujauzito kutamkwa katika kipindi. Waandishi walitumia neno laini zaidi la kumaanisha kutarajia mtoto, kichwa cha sehemu ya Desemba 1952 kikatumia neno la Kifaransa, na viongozi watatu wa dini, padri, mchungaji na rabi, wakasoma skripti kabla ya kupigwa picha. Ukiandika katika simulizi yako kwamba Lucy "ana mimba", msomaji hataelewa ni mlango gani uliofungwa. Kiswahili kina ngazi zake katika jambo hili: kuna mimba, kuna ujauzito, kuna kusema kwamba mama hayuko peke yake. Wape maofisa wa CBS ngazi ya juu kabisa, mpe bibi wa kiwandani neno la waziwazi, na msomaji atasikia tofauti ya vyumba viwili bila maelezo yoyote.

Usinakili mazungumzo ya kipindi. Hata kama yangekuwa halali kutumia, kichekesho cha mwili hufa kikisimuliwa kwa maneno yale yale. Lucille alijulikana kwa kufanya mazoezi kwa bidii kubwa na vifaa vya tukio hadi mikono ikavizoea, na mazoezi hayo ndiyo yanayosomeka vizuri: mtu mzima anayerudia kosa moja kwa makusudi hadi liwe sahihi. Eleza mikono inavyofanya kazi, kicheko mwachie msomaji.

Sheria na watu walio hai

Kwa ufupi, kwa kuwa jambo hili huwatisha waandishi kuliko inavyostahili. Kwa kawaida sheria ya Marekani haimruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya marehemu kwamba amekashifiwa. California hulinda matumizi ya kibiashara ya jina na sura ya marehemu maarufu kwa miaka 70 baada ya kifo, na Lucille alifariki tarehe 26 Aprili 1989, lakini sheria hiyo hiyo inaviweka kando vitabu na kazi za kubuni. Hata kwa aliye hai uhuru ni mpana: mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya California ilimkatalia mwigizaji Olivia de Havilland, aliyekuwa na umri wa miaka 101, alipodai kwamba watengenezaji wa mfululizo wa televisheni walipaswa kupata kibali chake kabla ya kumwonyesha kama mhusika. Picha ya jalada ni suala tofauti, kwa kuwa ina mwenye hakimiliki, na skripti vilevile. Mwachie mchapishaji na mwanasheria wake wamalizie mambo haya.

Hatari iliyo karibu zaidi iko ukoo wako. Shangazi aliye hai anaweza kushtaki kwa kuingiliwa faragha yake, na hata asiposhtaki anaweza kuumia. Badilisha jina, kazi, mji na idadi ya watoto, kisha umpe mswada kabla haujafika kwa mhariri. Usimwombe kibali cha kila ukurasa. Mwombe akuonyeshe kurasa mbili au tatu ambazo asingependa wajukuu wazisome akiwa hai, na uzifikirie hizo kwa uzito wote.

Mwisho wa riwaya

Usimalizie na umaarufu wala na biashara, ingawa ziko tele: mwaka 1962 Lucille alinunua hisa za Desi, waliyekuwa wameachana naye mwaka 1960, akawa mwanamke mwenye kuongoza studio nzima, na mwaka 1967 akaiuza Desilu kwa dola milioni 17. Mambo hayo ni ya wasifu. Kwa riwaya yenye swali la mzee na gharama, tarehe yenye nguvu zaidi ni ya baada ya kifo: mwaka 2002 majivu yake yalihamishwa kutoka Los Angeles hadi makaburi ya Lake View, Jamestown, akalazwa pamoja na watu wake. Bibi wa Terminal Island ana kaburi lake pia, na sura ya mwisho inaweza kuwa safari ya mjukuu kwenda makaburini mara mbili, pande mbili za nchi.

Baada ya sura hiyo weka maelezo ya mwandishi, kurasa mbili zinatosha, ukisema waziwazi ni matukio yapi yaliyohifadhiwa na yapi uliyoyabuni. Yaandike kwa ajili ya wasomaji, na zaidi kwa ajili ya familia. Utakapomsomea shangazi tukio la studioni, inawezekana akakukatiza na kusema kwamba leso ilikuwa ya bluu na kwamba bibi alikaa kushoto, ingawa wewe unajua kwamba bibi hakufika studioni hata siku moja. Usimpinge. Weka alama kwenye ukurasa huo, na ukirudi nyumbani uuongeze kwenye orodha ya mambo ya kubuni, pamoja na rangi ya leso na upande wa kiti.